Mashine Iliyokula Vitanda Vitano

Tumeitoa chini ya turubai, mimi na binamu Yoshitsugu,
mgongo wake ukilalama, wangu ukinyamaza kwa kiburi:
kilo ishirini na tisa bila kuhesabu kioo,
na kioo peke yake ni ndama aliyegoma kutembea.
Rangi yake, zambarau ya biringani,
imepauka upande uliozoea dirisha.

Mwaka wa tisini na mbili, hapa Kiryu,
chini ya mapaa yenye meno ya msumeno,
baba aliuza vitanda vitano vya kufumia hariri
akanunua hii moja.
Bei ya nyumba, walisema majirani.
Nyumba na bustani yake, alisema mama,
na hakusema tena mpaka theluji ya Akagi ilipoyeyuka.

Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Nagoya.
Anataka kuiona ikiwaka.
Nabonyeza.

Kimya. Kisha feni.
Kisha diski inaanza kukwaruza
kama kuku anayetafuta punje chini ya majani makavu.
Harufu ya vumbi linaloungua.
Halafu zile kengele mbili, ya chini na ya juu,
na mimi nina miaka tisa tena, mlangoni, soksi mguu mmoja,
nakatazwa kuingia.

Inadai neno la siri.
Najaribu jina langu. Inakataa.
Jina la mama. Inakataa.
Jina la mbwa.
Karibu, Kihachiro.

Makorongo mia nne na kumi na mawili yamelala humu,
kila nukta uzi, kila uzi nukta,
mtande na mshindio vimegeuzwa hesabu.
Namfungua mmoja, wa mshipi wa bibi harusi.
Simu iliyo mfukoni mwangu ingemchora kabla sijapepesa.
Hapa anashuka mstari kwa mstari,
utosi, jicho, mdomo, shingo ndefu isiyokwisha,
kama anayefumwa na mtu asiye na haraka
na asiye na habari kwamba maharusi walishaachana.
Dakika kumi na moja.
Chai yangu ilipoa akiwa bado hana miguu.

Mashine haichoki, baba alikuwa akisema.
Alichoka yeye.
Rejesho la mwisho la mkopo
tulililipa miaka mitatu baada ya mazishi.

Mama ameingia na fimbo yake,
miaka sabini na tisa, upepo mkavu ukimsukuma kisogoni.
Nikajikaza.
Huyu ndiye aliyekuwa akituambia mezani
kikulacho ki nguoni mwako,
na sisi tulikuwa watu wa nguo, hatuna kingine.

Korongo hakumtazama.
Akazunguka nyuma, akavua glavu,
akabandika viganja vyote viwili ubavuni mwa mashine,
pale penye matundu ya kupumulia,
bila kupapasa,
kama mtu anayejua pa kushika gizani.

"Nilikuwa nakuja usiku," akasema,
"baba yako akishalalia kibodi.
Karakana nzima barafu. Vidole havikunji.
Joto lilikuwa hapa tu."
Akanyamaza kidogo.
"Usimwambie."

Baba ana miaka kumi na sita kaburini.
"Simwambii," nikasema.

Kwenye pembe ya kioo, saa iliyokufa betri
inashikilia kwamba leo ni Alhamisi,
tarehe mosi Januari, elfu moja mia tisa na sabini.
Nikavuta kibodi niirekebishe.
Mama akainama, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Siku hiyo nilikuwa sijamjua," akasema.
"Nywele zangu zilifika hapa,"
akaonyesha kiuno kwa kidevu,
maana mikono ilikuwa na kazi.
"Iache."